Mandolini Iliyopimwa Uani

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Naliweka hili mwanzoni ili tuelewane, ndugu msomaji. Nimefanya biashara Kariakoo tangu sijaota ndevu. Nimeona kiwanja kimoja kikiuzwa kwa watu watatu asubuhi moja, na wote watatu wakanywa chai meza moja bila kujuana. Mvua ilipojaa Jangwani nimeona kabati langu jipya likipita kwenye maji limesimama wima, milango imefungwa, kama mzee anaenda msikitini. Sikushangaa. Nilisema tu: lile nililigongea mwenyewe, ndiyo maana halijafunguka. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Leo nina maduka mawili ya makochi na karakana Gerezani, na sijawahi kukopa kwa mtu.

Basi juzi nilikaa kwenye kochi la dukani kwangu, lile ninaloliweka mbele kwenye kioo, ambalo mteja akishakaa huwa anaongea na simu nusu saa kabla hajakumbuka kuuliza bei. Nikapakata mandolini ya marehemu bibi yangu. Ikateleza. Nikaipandisha, ikateleza tena, kama mtoto anayekataa kupakatwa na mgeni. Mara ya tatu niliidaka kwa shingo ikiwa imeshafika magotini. Maisha yangu yote kazi yangu ni kumkalisha binadamu vizuri. Najua paja linakaaje, mgongo unachoka saa ngapi. Na hapo, kwenye kochi langu mwenyewe, kitu kidogo chenye nyuzi nane kikanishinda. Nikashangaa.

Mandolini ilinifikia kwa mjane wa fundi aliyekuwa jirani yetu utotoni, huko karibu na Msimbazi. Nyumba yao inabomolewa, linapanda ghorofa la maduka ya simu. Mama huyo alinipigia: "Njoo uchukue mzigo wa bibi yako kabla tingatinga halijaja." Nilienda na kirikuu, kigari kile kidogo cha mizigo, nikidhani ni kabati. Akanitolea kitu kimefungwa kwenye kanga, kinaenea kwapani. Nikatoa pochi. Aliitazama ile pochi kama unavyomtazama mtu aliyekohoa juu ya chakula.

"Wewe umekula kwangu, umenawa kwangu," akasema, "leo unataka kuninunua?"

Nikairudisha pochi mfukoni.

Baada ya ile aibu ya kochi nilimwita kijana mmoja anayetengeneza magitaa. Kijana ana adabu. Aliniamkia vizuri, nikaitika marahaba, akaigeuza mandolini, akaitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga kwa manati.

"Mzee, hii imekosewa," akasema. "Ona mgongo. Juu mwembamba, chini mnene, halafu umelalia upande. Aliyetengeneza alikuwa na haraka. Niachie, naipiga randa ikae sawa, haitateleza tena."

Nikamwambia aje Jumamosi na randa yake. Na katika kuingoja Jumamosi nikaanza kukumbuka, maana ile kanga ilikuwa bado na harufu ya karafuu.

Nililelewa na Bibi. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, na mpangaji kila chumba. Ilikuwa miaka ya foleni, ya kupanga mawe dukani kushika nafasi ya sukari. Lakini sikumbuki njaa. Nakumbuka vitumbua vya alfajiri, hiliki ikipanda mpaka chumbani. Nakumbuka Mhindi wa dukani mkabala akifungua milango yake ya chuma kwa kishindo kimoja kila siku, na upande wa pili wa ukuta wetu msumeno wa fundi ukianza. Mchana Bibi alikuna nazi. Kazi yangu ilikuwa kuzivunja, na ujira wangu maji yake. Nilizivunja kwa pigo moja la jiwe lililochongoka, na watoto wa nyumba za jirani walikuwa wanakuja kutazama. Hata kwenye hilo nilikuwa wa kwanza mtaani.

Jioni Bibi alikuwa mtu mwingine. Alijifunga kanga safi, akaenda klabu ya taarabu mitaa miwili kutoka kwetu. Wanawake wengine pale waliimba na kuitikia. Wanaume walishika fidla, akodiani na ngoma. Bibi peke yake katika wanawake alishika chombo, mandolini, na alikaa mstari wa mbele kulia. Alifundishwa na babu, aliyekuwa baharia, na babu alipofariki kiti kile kilibaki kuwa chake. Watu wa mtaa hawakumwita kwa jina. Walisema, "Yule Bi mkubwa wa mandolini." Mimi aliniita mume wangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu. Ikifika Ijumaa alisema, "Mume wangu, nibebee chombo," nami nilitembea mbele yake kifua nje.

Chombo hicho cha kwanza kilikuwa mali ya klabu. Kizuri, kimetoka ng'ambo, mgongo wa duara kama kibuyu kilichopasuliwa. Ukikitundika ukutani kinapendeza. Ukikipakata kinazunguka. Bibi alivaa kanga siku za mazoezi, na kanga inashika. Lakini siku za harusi sare ya klabu ilikuwa gauni la satini, na satini na ule mgongo wa kibuyu ni kama sabuni na beseni. Ilibidi mkono wa kushoto ushike shingo isianguke, na mkono ule ndio unaotakiwa kutembea kwenye nyuzi. Alivyozidi kuzeeka, bega likaanza kumuuma. Halafu siku moja, harusini, katikati ya wimbo, kikaenda. Kilidondoka kwenye zulia, kikatoa mlio, na wimbo ukasimama.

Kiongozi wa klabu alikuwa mwenye duka la vitambaa, mtu wa marashi na kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mbaya. Lakini alipenda jukwaa lipendeze kama dirisha la duka lake. Alikuja nyumbani, akanywa chai, akazunguka sana, kisha akasema.

"Bi mkubwa, kupumzika si aibu. Utakaa na waitikiaji nyuma. Kuna mpwa wangu anapiga gitaa."

"Nyuma nitaona nini?" Bibi akauliza. "Migongo ya nguo zenu?"

"Chombo kinakushinda, mama."

"Chombo hicho kinamshinda kila mwenye mapaja. Nitaleta changu."

Kiongozi akacheka kwa adabu. Wakakubaliana: mwezi ule kulikuwa na harusi kubwa ya binti wa Mwarabu wa duka la mchele. Bibi akiweza kupiga harusi ile bila kuangusha chombo, kiti ni chake mpaka atakapochoka mwenyewe. Akishindwa, nyuma kwa waitikiaji. Naye kiongozi akaongeza sharti lake: chombo kipya kipendeze. Hataki kitu cha rangi ya jeneza jukwaani.

Bibi alienda kwa fundi siku hiyohiyo, nami nyuma yake. Fundi alitengeneza vitanda na makabati, na vyombo vya klabu alivitibu vikivunjika. Ukimpelekea kitu chochote, swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Inakuuma wapi?" Ukileta kiti kibovu, haulizi kimevunjika wapi. Anauliza wewe kinakuuma wapi. Swali hilo nimeliiba, nalitumia dukani mpaka leo. Wenzangu wanamuuliza mteja anataka rangi gani. Mimi namuuliza inamuuma wapi, anaonyesha kiuno, na hapo kochi nimeshaliuza.

Bibi akamwonyesha bega, akamwonyesha mbavu, akamwonyesha pale chini ya kiwiko ambapo ukingo wa chombo ulikuwa unamkata. Malipo waliyopatana yalikuwa sahani ya wali wa nazi kila mchana mpaka kazi iishe. Baadaye Bibi alisema ndiyo maana kazi haikuisha haraka.

Fundi alikuja uani kuchukua vipimo saa ya kupika. Bibi alikuwa amekalia mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao kifupi chenye chuma cha meno mbele, anakuna.

"Bi mkubwa, inuka ukae kitini nikupime."

"Nipime hapahapa. Nikiinuka na wewe huli."

Fundi akachutama. Alikuwa amekuja na mfuko wa unga uliojazwa vumbi la msumeno. Bibi alipomaliza nazi, fundi akampakatisha ule mfuko palepale kwenye kibao, akamwambia aukumbatie kama ndiyo mandolini. Bibi akaukumbatia. Kwenye kibao magoti yanakuwa juu, paja linalala kuja tumboni, kwa hiyo mfuko ulikaa kama umewekwa kikapuni. Fundi akautoa taratibu, akatazama mabonde yaliyobaki: hapa tumbo, hapa paja, hapa mkono. Akayachora kwa penseli kwenye ubao, na penseli akairudisha sikioni. Mimi nilisimama nimeshika kifuu. Nilijua naangalia kazi, sikujua naangalia kosa.

Ugomvi wa sura ulikuja baadaye. Mgongo fundi aliuchonga kwa mvule, bapa, ukifuata mabonde ya ule mfuko. Uso alitumia mbao nyepesi ya boksi la shehena kutoka bandarini, nyembamba mpaka ukiishika juani unaona kivuli cha vidole. Kiongozi alipokuja kuangalia, akaugusa uso kwa ukucha.

"Hapa utaweka fomaika. Nyekundu, ile yenye maua."

"Nikiweka fomaika inakuwa meza," fundi akasema. "Mtaikalia mkinywa supu."

"Basi vioo. Vidogo vidogo, kote."

"Kila kioo ni mzigo. Uso ukibebeshwa mzigo hautikisiki, na usipotikisika hausemi. Unataka ionekane au isikike?"

"Vyote viwili. Watu wanatoa pesa za kutunza kwa wanachokiona."

Hapo kiongozi alikuwa na haki yake, nasema kama mfanyabiashara. Fundi akafikiri, akaja na njia. Usoni aliweka ua moja tu la ganda la kome, kuzunguka tundu la sauti. Misumari ya shaba ya kichwa cha mviringo, ile ya masanduku ya bibi harusi, aliipanga ubavuni. Bibi alipoijaribu, misumari ikamkwaruza mkono na kuvuta kanga. "Inakuuma wapi?" Akaonyesha. Fundi akaing'oa yote ya upande wa juu, akaacha ya upande wa chini, unaoelekea kwa watu. Pale pa kiwiko akapalainisha kwa msasa mpaka pakawa kama sikio la mtoto. Kila mtu alipata chake, na hakuna aliyepata chote. Karakana nzima ilinuka gundi ya ngozi iliyokuwa inachemka kwenye kopo, na wali wetu pia.

Ilipokamilika, Bibi aliipiga uani kwa mara ya kwanza, ameketi kwenye kibao. Mikono yote miwili huru. Wapangaji walitoka vyumbani. Yule Mhindi wa duka aliacha mteja akaja kusimama kwenye korido yetu, na mtu huyo hakuwahi kuacha mteja. Sauti ilikuwa kavu, nyepesi, kama matone kwenye bati jipya. Fundi alikaa kwenye kizingiti akila wali.

Siku mbili kabla ya harusi tukaenda nayo klabu. Bibi akapanda kwenye kiti chake cha mstari wa mbele, kiti kirefu cha mbao. Akapiga mistari miwili. Mandolini ikaanza kuinama mbele. Akaivuta. Ikainama tena. Kwenye kiti kirefu magoti yanashuka, paja linamwagika kwenda mbele, na mgongo ule uliochongwa kwa paja la kwenye kibao ukawa unakimbia wenyewe. Ilikuwa mbaya kuliko ile ya kibuyu.

Kiongozi akachomoa kalamu moja, akairudisha.

"Mama, nilisema."

Fundi alikuja jioni ile, uso umemsawajika. Wali ulipoletwa aliusukuma.

"Nilipima jikoni, ukaenda kupiga ukumbini," akasema. "Nitaubandua mgongo, nichonge mwingine."

"Gundi itakauka lini?"

"Jumatatu."

"Harusi Jumamosi." Bibi alikuwa amekaa palepale kwenye kibao, chombo mapajani, kimetulia kama paka. Akakitazama. Akatazama alichokikalia. "Fundi, usiguse mgongo. Nitolee hiki chuma cha mbele, kisinichanie satini."

"Bi mkubwa, hutaenda na hicho kwa Waarabu."

"Kwani watanipima?"

Jumamosi alasiri nilitembea kutoka kwetu mpaka kwa Mwarabu wa mchele na kibao kichwani, kimefungwa kanga mpya. Turubai lilikuwa limefunga mtaa mzima, mazulia chini, udi unafuka, wanawake wamepangana mpaka barazani kwa jirani. Klabu iko jukwaani kwenye viti. Bibi akanionyesha mahali, mbele kulia. Nikaweka kibao, nikatandaza kanga juu. Akakaa. Kila mtu kwenye mstari alikuwa juu, yeye chini, kama jino lililokosekana.

Kiongozi akainama, anatabasamu kwa ajili ya watu, anaongea kwa meno.

"Mama, umekuja kupiga au kukuna?"

"Vyote. Anzeni."

Wakaanza. Nilisimama kando ya jukwaa nikiangalia ile mandolini tu, siangalii mtu. Nilikuwa naisubiri iiname. Wimbo wa kwanza ukaisha, haijatikisika. Wa pili, mkono wa kushoto wa Bibi ulikuwa unatembea shingoni kote, mahali ambapo sikuwahi kuuona ukifika. Wanawake wa mbele walikuwa wameshatambua kilicho chini ya kanga. Nani hajui umbo la kibao cha nazi? Kicheko kilitambaa kikirudi nyuma, baraza kwa baraza, na nilidhani ndiyo mwisho wetu. Halafu mama wa bibi harusi mwenyewe akainuka kwenda kutunza. Kwa wengine watu walitunza wamesimama. Kwa Bibi ilibidi apige magoti kwenye zulia, na dhahabu zake zote, ili amfikie. Alivyopiga magoti yeye, nani angesimama? Wakaja kwa foleni, wanachutama mmoja mmoja mbele ya bibi yangu. Ua la kome na misumari ya shaba vilikuwa usawa wa macho yao kabisa.

Kiongozi aliona. Mtu wa duka haoni kitu kama hicho akalala. Wiki iliyofuata alimwagiza fundi vigoda vifupi vya mstari mzima wa mbele, akatangaza ni mtindo wake. Bibi hakumbishia. Kiti kilibaki chake mpaka vidole vilipokataa, akaacha mwenyewe, kama walivyopatana. Nyumbani tulikula wali mkavu siku nne, fundi hajakirudishia kibao chuma chake.

Mimi nilitoka nikaenda kuuza mifuko sokoni, halafu misumari, halafu mbao, na mengine unayajua. Bibi alipofariki mandolini ilirudi kwa fundi. Klabu imekuwa stoo ya mabegi ya Wachina. Kwa Mwarabu wa mchele ni ghorofa. Uani kwetu ndipo ilipo ngazi ya ghorofa jingine, nimewahi kuipanda kupeleka makochi.

Jumamosi ilipofika yule kijana wa magitaa akaja na randa yake. Akailaza mandolini kifudifudi kwenye meza yangu, juu ya blanketi. Akachora mstari kwa penseli: huu mnene wote unaondoka. Akaweka penseli sikioni. Nikuambie ukweli, siku zote zile nilikuwa nimekumbuka harusi, nimekumbuka wali, nimekumbuka kila mtu, ila sikuwa nimekumbuka kuviunganisha na mapaja yangu mwenyewe. Ni ile penseli sikioni iliyonizindua.

"Ngoja," nikamwambia.

"Mzee, ni dakika kumi tu."

"Toa randa hapo."

Nikashuka kwenye kochi, mimi na kitambi changu, nikachutama kwenye sakafu ya duka langu mbele ya wateja. Nikapakata. Ikakaa. Mkono wangu ukaangukia pale palipolainishwa, na nikajua kiwiko cha Bibi kilikuwa kinapumzika wapi. Kijana alizunguka upande huu na huu, akachungulia chini ya mkono.

"Kumbe haijakosewa," akasema. "Kochi ndilo limekosewa."

Ningekuwa na miaka ishirini ningemfukuza. Nilimpa kazi ya kubadili nyuzi, nikatoka kwenda sokoni kwa miguu.

Siku hizi nazi inasagwa kwa mashine, unapewa kwenye mfuko. Nilipita maduka ya mabeseni, ya majiko ya gesi, ya makava ya simu, nikaja kukipata kwa dada mmoja kwenye kona, kimening'inia nyuma ya miiko. Kibao cha mninga, kimeunganishwa vizuri, nilikikagua. Nikamwambia ang'oe chuma.

"Baba, bila chuma utakunia nini?"

"Sikuni. Nakalia. Sasa umepunguza chuma, punguza na bei."

"Chuma nakupa, utaondoka nacho mkononi. Bei ni hiyohiyo."

Nimewapunguza Wachina, nimewapunguza matajiri wa mbao, nimempunguza mpaka shehe aliyenifungisha ndoa. Nilisimama pale nikabishana mpaka jua likanihama. Dada yule alikuwa anasuka nywele za mwenzake, hakuinua hata kichwa. Nililipa zote, shilingi elfu kumi na tano.